Marehemu Anaomba Kura

Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Pushpam, jirani wa ukuta mmoja. Alikuja mbio mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, simu ameishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba panya.

"Wifi," alisema, "mumeo kanipigia."

Pechiammal alikuwa barazani, ungo mapajani, anasokota bidi, zile sigara nyembamba za jani. Hakuinua kichwa. Mumewe alikuwa amekufa tangu mvua za mwaka uliopita, amechomwa kule ng'ambo ya mfereji na majivu yake yamepelekwa mtoni, na kazi ya bidi haina muda wa upuuzi wa majirani.

"Umelala mchana ukaota."

"Sijalala! Kaniita Pushpam, kaniuliza goti langu linaendeleaje. Goti, wifi! La kushoto! Halafu akasema Chama cha Kinu kikishinda uchaguzi paa letu litapigwa mabati mapya. Akaniambia niwashe kafuri mbele ya mungu wa nyumba, nimwahidi kura."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Marehemu anakuomba kitu, unamwambia nitafikiria? Nikawasha."

Pechiammal aligundua kwamba bidi iliyokuwa mkononi mwake imepasuka na tumbaku imemwagikia sari. Aliikung'uta taratibu. Ilikuwa saa ya jua la utosini, saa ambayo watu wa Kalangadu hawapendi kupita peke yao penye mkwaju wala penye kisima, na sauti ya Pushpam ilikuwa inatetemeka kweli.

Mimi na wewe si wake zake, kwa hiyo tunaweza kumtaja: Sudalaimuthu. Mkewe hakuwahi. Karani akimwuliza jina la mume alimsukuma mwanawe mbele amjibie, kama wafanyavyo wanawake wote wa mtaa ule wanaojiheshimu. Lakini mji mzima ulilijua jina hilo, na zaidi ya jina ulilijua koo. Zaidi ya miaka thelathini Sudalaimuthu aliketi kwenye bajaji iliyofungwa vipaza sauti, akatangaza siku ya maji, mbuzi waliopotea, sinema mpya, na vyama vyote vilivyoweza kulipa. Misiba aliitangaza bure. Hapakuwa na mtu mzima pale mtaani ambaye hakuwahi kusikia kifo cha mzazi wake kutoka katika koo lile, na ndiyo maana koo lile likisema jambo, watu walikuwa hawaulizi mara mbili.

Sasa uchaguzi wa Bunge la Jimbo ulikuwa umekaribia, na Chama cha Kinu kilikuwa kimelichukua.

*

Baada ya siku chache simu zilikuwa zimeenea kama surua. Aliwapigia wasokota bidi saa ya mchana, kwa sababu mchana ndipo wanapokuwa nyumbani. Aliwapigia wachoma matofali asubuhi mapema kabla hawajatoka. Alimpigia mwalimu mstaafu akazungumza naye kwa heshima kuhusu pensheni, akampigia kijana mlevi wa kona akamtania. Kila mmoja alimwita kwa jina lake, kila mmoja alimuulizia kile kidonda anachokificha. Na kila mmoja mwishoni alimwambia awashe kafuri.

Kuna waliocheka, wakasema ni kompyuta tu, hata mtoto anajua. Hao nao waliwasha. Kiapo ni kiapo, walisema, na nani anataka kumdanganya mtu aliyekwisha kwenda kule, ambako yeye anakuona nawe humwoni?

Halafu ikaja bajaji. Ilipita mtaani polepole, dereva peke yake, kiti cha pembeni kitupu, na juu ya paa lake sauti ya Sudalaimuthu inanguruma: "Mama zangu, dada zangu, msisahau Kinu!" Mbwa mmoja mzee, ambaye marehemu alikuwa akimtupia vipande vya vitumbua, alitoka chini ya gari bovu akaanza kuifuata. Aliifuata mpaka mwisho wa mtaa, akarudi nayo, akaifuata tena. Watu walisimama milangoni wakiitazama.

Wengine walimgeukia mjane. "Akikupigia, mwambie na kisima chetu," mmoja alimwambia bombani. Mwingine, ambaye hawakuwahi kupatana, alisema kwa sauti ili foleni yote isikie, "Hongera, mwenzetu. Wanaume wetu wazima hawajui hata kutafuta kazi, wako kafa na kazi kapata."

Foleni ilicheka. Pechiammal alijaza ndoo yake akaondoka huku maji yakimrukia miguuni. Kwa wakala wa bidi mambo hayakuwa mazuri zaidi. Vidole vyake vilikuwa vimeacha kumtii, na wakala, mtu asiyejua kunyamaza, alichambua fungu lake akatupa zaidi ya nusu kwenye kapu la takataka.

"Mama, hizi hata marehemu hazivuti," alisema. "Au unamtunzia yeye?"

Pechiammal aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akachukua kilichobaki, akaenda zake.

*

Kwake simu ililia mchana wa siku ya soko, yuko peke yake. Aliijua kabla hajaipokea. Alijifuta mikono, akakaa, akabonyeza.

"Dada Pechiammal," sauti ilisema. "Hujambo, dada Pechiammal? Ni mimi, Sudalaimuthu."

Lilikuwa koo lenyewe, na mkwaruzo wake wa bidi, na ile pumzi aliyokuwa akiivuta kabla ya kutaja jina la mtu. Lakini alikuwa amemwita dada. Na alikuwa amemwita kwa jina. Tangu alipoletwa bibi harusi katika nyumba ile, mwanamume yule hakuwahi kulitamka jina la mkewe, kama naye asivyolitamka lake, na sasa analirudia kama muuza vitambaa.

"Wewe nani?" aliuliza.

"Mimi ni Sudalaimuthu, ndugu yenu wa siku zote. Vidole vyako vinauma, dada? Kazi ya bidi ni ngumu. Kinu kikishinda, wasokota bidi watapata matibabu."

Alijua anazungumza na nini, au alidhani anajua. Hata hivyo swali lilimtoka lenyewe, lile ambalo lilikuwa limekaa kifuani mwake tangu hospitali, tangu walipomwekea mumewe mrija kooni na sauti ikakatika, na asubuhi ya mwisho akamshika mkono, akafungua mdomo, akahangaika kusema kitu, kisha akafa hajakisema.

"Kule hospitali," alisema, "ulitaka kuniambia nini?"

Akasikia pumzi.

"Hilo ni jambo la maana sana, dada Pechiammal," sauti ilisema kwa upole. "Chama cha Kinu kinajali wagonjwa wote. Sasa washa kafuri, dada..."

Aliitupa simu kwenye ungo wa tumbaku akatoka nje, akasimama juani.

*

"Ni wewe," alimwambia mwanawe jioni ile. "Hakuna mwingine mwenye kanda za sauti yake."

Esakki alikuwa ametoka kupakia malori. Alikuwa ananawa miguu uani, na aliendelea kunawa muda mrefu kuliko uchafu aliokuwa nao.

"Walikuja kwa adabu, mama. Bwana Vellaichamy wa Kinu mwenyewe. Wakasema wanataka kumkumbuka baba."

"Na goti la Pushpam? Vidole vyangu? Hayo nayo yamo kwenye kanda?"

"Waliuliza. Nikawaambia. Kuna siri gani? Mtaa mzima unajua." Alifunga bomba. "Wameniahidi kazi ya duka la mgao wa nafaka. Kazi ya serikali, mama, ya kukaa kivulini na mizani. Unataka nibebe magunia mpaka mgongo ukatike?"

"Umemuuza baba yako."

"Baba katuachia nini?" Esakki alisema, na sasa sauti yake ilipanda. "Shamba? Nyumba hii ya kupanga? Katuachia koo. Ndiyo mali aliyokuwa nayo. Na yeye mwenyewe alikuwa analikodisha kwa kila mpita njia, au umesahau?"

Pechiammal hakuwa amesahau. Alimwekea mwanawe wali na mchuzi wa ukwaju, yeye akalala bila kula.

*

Chama cha Kinu kilikuwa kimekodi ukumbi wa harusi karibu na stendi. Nyuma wapishi walikuwa wakipika kwa masufuria ya harusi, na ndani, pale ambapo maharusi huketishwa, wasichana walikuwa wamekaa mstari mbele ya kompyuta, visikilizio masikioni, kimya kama wanafunzi wa mtihani. Ukutani ilining'inia ramani ya mtaa, kila kibanda kimechorwa na kutiwa rangi. Picha ya Sudalaimuthu ilikuwa pembeni, imevishwa shada la asumini mbichi. Mtu alikuwa analibadilisha kila siku. Yeye mwenyewe nyumbani alikuwa akilibadilisha Ijumaa tu.

Bwana Vellaichamy, katibu wa kata, alimkimbilia, viganja ameviunganisha kifuani kwa salamu. Alikuwa rafiki wa marehemu, na machozi yaliyomlenga, ukweli usemwe, hayakuwa ya bandia.

"Dada, kaa. Leteni chai! Dada, kwa nini ujisumbue, ungetuma mtu."

"Mnyamazisheni," Pechiammal alisema akiwa bado amesimama.

"Nani anamtukana, dada? Tunamuenzi. Angekuwa hai angefanya kazi hii hii kwetu."

"Angekuwa hai angeweza kukataa."

Vellaichamy alikuna shingo. Akamshika kiwiko, akampeleka mbele ya ramani, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake. "Tazama. Kijani ni wetu. Nyekundu hatuhangaiki nao, hata tukiwapa dhahabu. Njano ndio uchaguzi, dada. Hawa wa njano ndio wanaotupeleka bungeni. Zamani niliwaendea na sari na pombe, wakachukua, wakapigia upande wa pili. Baba Esakki anawaendea na jina lao na kidonda chao. Unaona njano zilivyokwisha?"

Zilikuwa zimebaki chache. Pechiammal alitafuta kisima, akatafuta mkwaju, akafuata kichochoro kwa kidole mpaka nyumbani kwake.

"Hata yangu njano?"

"Hata yako." Vellaichamy aliona haya kidogo. "Mjane hatabiriki, dada. Usikasirike."

Ndipo akaja mwanamke mwenye miwani, nywele zimekatwa fupi, Madhumitha, mtaalamu aliyetoka Chennai na mitambo yake. Vellaichamy alimweleza kwa kunong'ona. Madhumitha aliinama akagusa miguu ya mjane, jambo ambalo Pechiammal hakulitegemea kwa mtu wa aina yake.

"Samahani sana, mama. Kitu gani hasa kilikuudhi?"

"Kila kitu! Yule si yeye. Eti dada! Eti Pechiammal! Mimi mwanamume yule hajawahi kuniita jina hata nyumba ikiwaka moto."

"Pole, mama. Alikuwa anakuitaje?"

Ilikuwa hasira ndiyo iliyojibu, na labda kitu kingine pia, maana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. "Hakuniita! Alikuwa anafika mlangoni, anavua viatu, anasema, 'Upo?' Basi. Mimi namjibu, 'Nipo.' Anauliza, 'Umekula?' Hata kama mimi ndiye nimepika na nyumba nzima inanuka mchuzi. Huyo ndiye mume wangu. Sio huyo wenu mwenye maneno mengi."

Madhumitha alitikisa kichwa pole pole, kwa huruma, kama daktari. Hakuandika kitu. "Nimekuelewa, mama," alisema. "Nenda nyumbani kwa amani."

Pechiammal alirudi kwa miguu akijiona ameshinda. Alikuwa amefika kisimani alipojihisi kama mtu aliyefika sokoni akakumbuka ameacha mlango wa nyumbani wazi. Akasimama. Akatamani kurudi akayachukue maneno yake. Lakini maneno yalikwisha kusemwa.

*

Siku iliyotangulia kura, mchana, simu ililia.

Angeweza kuiacha. Alijiapiza kuiacha. Aliichukua akaiweka sikioni bila kusema lolote, na upande wa pili nako kulikuwa kimya, kimya cha mtu anayevua viatu.

"Upo?"

Ungo ulimponyoka, majani yakatapakaa baraza zima.

"Nipo," alisema.

"Umekula?"

Alilia. Alilia kwa sauti, yeye ambaye siku ya msiba alisifiwa kwa ujasiri, na sauti haikumkatiza, haikutaja Kinu wala matibabu. Ilivuta pumzi tu, ikangoja. Alimwambia kwamba Esakki amekonda, kwamba wakala anamdhalilisha, kwamba mbwa wake bado yupo. Sauti ikasema, "Mm." Alivyokuwa akisema yeye. Akamuuliza tena habari ya hospitali, alitaka kusema nini, na sauti ikasema, "Nimekusikia," na akaona hata hilo linatosha kwa leo.

"Kesho twende kwenye Kinu," sauti ilisema mwishoni, taratibu, kama jambo la nyumbani. "Washa kafuri."

Aliwasha. Alijua ni nani aliyewapa maneno yale, aliujua ukumbi, aliijua kompyuta yenyewe, na akawasha. Aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Asubuhi yake alivaa sari safi akapanga foleni shuleni na Pushpam. Karani alipomfikia alisoma jina la mume, na kwa kuwa Esakki hakuwapo wa kumjibia, Pechiammal aliitikia kwa kichwa. Wakampaka wino kidoleni. Nyuma ya kadibodi alisimama muda mrefu mbele ya vitufe, mpaka msimamizi akakohoa. Alibonyeza Kinu. Mashine ikalia mlio mrefu, na foleni nzima ilisikia, kama ilivyosikia milio ya wote waliotangulia.

*

Kinu kilishinda. Hakikushinda kwa kubahatisha. Mtaa ule kilizoa kura zote. Wapinzani walitafuta mizengwe wasiione, kwa sababu hakuna aliyepewa sari wala chupa. Na ahadi zilitimia, jambo ambalo liliwatisha watu zaidi kuliko kama zisingetimia. Mabati ya Pushpam yalifika. Esakki aliitwa duka la mgao, akakaa kivulini na mizani yake. Asubuhi moja Pechiammal alifungua mlango akakuta tonge la wali kwenye jani la mgomba na bidi tatu zilizopangwa vizuri, shukrani kwa marehemu, za mtu asiyejitaja. Kesho yake yakawa majani mawili.

Simu haikulia. Alikaa nayo mapajani pamoja na ungo, akawa haendi tena bombani mchana. Alipoipiga namba ile, sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu ilisema haipo. Alimaliza wiki akimwambia Esakki simu imeharibika, na Esakki akaipeleka kwa fundi, na fundi akairudisha akisema nzima.

Siku aliyokwenda ukumbini, walikuwa wanafagia. Ramani ilikwisha kushushwa, mafundi walikuwa wanapamba jukwaa kwa harusi ya Jumatano. Madhumitha alikuwa amechuchumaa sakafuni anakunja nyaya, na nje lori lilikuwa linanguruma.

"Mama! Usihangaike tena, tumeizima kabisa, kama ulivyotaka. Sisi tunaondoka leo, kuna uchaguzi jimbo la jirani."

"Nimekuja kuongea naye," Pechiammal alisema.

Madhumitha aliacha nyaya. Akatazama mlangoni, akatazama saa, akamtazama yule mama aliyekuwa ameshika pindo la sari yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Bila shaka alikuwa na moyo. Alifungua kompyuta moja, akaiweka chini kati yao, akaunga spika ndogo.

"Mara moja tu, mama. Lakini sasa hivi hajiendeshi mwenyewe, kila kitu kimeshafungwa. Mimi naandika, yeye anasema. Niambie, aseme nini?"

"Kule hospitali alinishika mkono," Pechiammal alisema. "Akafungua mdomo, na ule mrija ukamzuia. Aseme hilo."

"Sawa. Lilikuwa neno gani?"

"Sijui, mwanangu. Ningejua ningekuja huku?"

Honi ililia nje. Madhumitha aliandika neno, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta pia. Pechiammal alikuwa amekwisha kaa chini, amesogeza sikio karibu na spika, na alimfanyia Madhumitha ishara kwa mkono anyamaze, neno lisije likampita.